Vifaranga vya Mwezi Machi

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Kazue Shinozaki aliweka rula yake chini ya mstari uleule, na kwa mara ya tatu mstari ukamwambia jambo lisilowezekana.

"Siku kazi ilipokamilika: tarehe 19 Machi."

Hicho kilikuwa cheti cha fundi. Kando yake kulikuwa na fomu ya maombi ya Bi Fusano Shirahama wa kijiji cha Tainora, mwanamke wa miaka sitini na sita anayetumia kiti cha magurudumu, na picha mbili za nyumba yake, moja ya kabla ya marekebisho na nyingine ya baada. Sheria yenyewe ilieleweka kwa urahisi. Mwenye ulemavu akirekebisha nyumba yake ili aishi ndani yake bila kubebwa, kodi ya majengo ya mwaka unaofuata inapunguzwa kwa theluthi moja. Ila maombi lazima yafike ndani ya miezi mitatu tangu kazi ikamilike. Maombi ya Bi Shirahama yalikuwa yamefika tarehe 24 Juni.

"Siku tano," alisema Kurokawa, mkuu wa kitengo cha kodi, akiwa amesimama nyuma yake na kikombe mkononi. "Amechelewa siku tano. Mgongee muhuri wa kukataliwa tuendelee na mengine, Bi Shinozaki."

"Mkuu, mbayuwayu wanaanza kuonekana lini hapa kisiwani?"

"Mbayuwayu?"

"Ndiyo, hao ndege."

Kurokawa alifikiri kidogo. "Machi katikati. Wengine Aprili. Mke wangu huwa anawangoja kama wageni wa harusi."

Kazue alisogeza picha ya pili na kuweka rula chini ya dari ya baraza. Pale juu ya mlango, kwenye kiota cha udongo, midomo minne ya manjano ilikuwa imeachama.

"Hawa ni vifaranga," alisema. "Tarehe 19 Machi mama yao, hata kama alikuwa ameshafika, alikuwa hajataga bado."

Kazue aliacha shule akiwa na miaka kumi na mitano, akaenda kufunga samaki kiwandani. Masomo ya sekondari aliyamaliza kwenye darasa la jioni akiwa na miaka arobaini na minne, na tangu hapo hakuwahi kupata ile haraka ya watu waliosoma utotoni. Alisoma kila mstari kwa rula. Wenzake walimcheka, kisha wakaanza kumletea mafaili yao.

Kurokawa alikiweka kikombe chini. "Kwa hiyo cheti ni cha uongo."

"Tarehe si ya kweli. Lakini hebu fikiria, Mkuu. Mtu hudanganya ili apate. Huyu, kama amedanganya, amedanganya ili akose."

"Uongo ni uongo, umfae au umuumize. Kesho saa sita mchana kamati ya mafundi inakaa. Kama cheti hiki kimeghushiwa, maombi yanatupwa, na fundi Deguchi anaondolewa kwenye orodha ya manispaa. Miaka hamsini ya kazi yake inaishia hapo." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Yeye ndiye aliyejenga nyumba ya baba yangu. Nenda leo. Uniletee kitu ninachoweza kukiweka mezani, siyo ndege."

Kazue alifunga mkoba wake. Akipita mlangoni aliitazama kalenda ya ukutani. Kama kalenda nyingi za kisiwa cha Okitsura, chini ya kila tarehe ilikuwa na maandishi madogo yanayoonyesha siku njema na siku za nuksi. Aliirudisha hadi mwezi wa tatu. Tarehe 19 ilikuwa nuksi tupu, siku ambayo watu hawafungi ndoa wala hawahamii nyumba mpya.

Hakuna seremala kisiwani ambaye angekabidhi kazi siku ile. Je, aliyeandika tarehe hiyo alikuwa seremala kweli?

*

"Ingia tu, dada, mlango hauumi!" ilisikika sauti kutoka ndani. "Ila usiniambie unauza bima."

"Natoka manispaa, Bi Shirahama. Kitengo cha kodi."

"Afadhali ungekuwa wa bima."

Fusano Shirahama alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wanaume wengi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepeleka barua kwa miguu kwenye vilima vya Tainora, mpaka ugonjwa wa uti wa mgongo ulipomkalisha. Alikuwa jikoni, akikata vipande vya kankoro, ule mkate laini wa viazi vitamu ambao kila nyumba ya kisiwa hicho huupika kwa namna yake.

Kazue alivua viatu. Hakuanza na maswali. Aliomba kukitumia kiti cha magurudumu.

"Ukikalie wewe?" Fusano alicheka. "Haya, kikalie. Mimi nitakaa kwenye benchi hili. Lakini usinigongee ukuta, fundi atalia."

Kazue alishuka hadi getini, akakaa kitini, akaanza kupanda rampu, ile njia ya mbao ya mteremko iliyochukua nafasi ya ngazi sita za mawe. Alihesabu misukumo ya mikono. Kwenye msukumo wa kumi na moja mikono ilianza kumuuma, na papo hapo mteremko ukaisha, akajikuta kwenye sehemu tambarare yenye upana wa kugeuka, kivulini mwa mti wa mkamelia. Alipumzika. Akaendelea. Kwenye msukumo wa kumi na moja mwingine alikuwa mlangoni.

Mlangoni palikuwa na jambo ambalo hakuwahi kuliona kwenye nyumba yoyote aliyokagua. Mahali watu wanapovulia viatu, fundi alikuwa amechonga mifereji miwili sakafuni, na ndani ya kila mfereji akapanga brashi za nyuzi za mtende. Magurudumu yalipopita juu yake yalijifuta yenyewe. Kazue aligeuka akatazama. Sakafu ya ndani haikuwa na alama hata moja.

"Umeona eh?" Fusano alisema kwa sauti ya kujidai. "Zamani nilikuwa nafuta tairi kwa kitambaa, moja baada ya jingine. Dakika kumi nzima. Wageni wamesimama, nami nafuta. Maana nitaingizaje matope ya barabarani kwenye nyumba ya mama yangu? Nikamwambia fundi, nataka kuingia kwangu kama watu wanavyoingia kwao. Akanyamaza wiki nzima. Akarudi na hizo brashi."

Bafuni vishikizo vilikuwa pale mkono ulipovitafuta. Sebuleni, meza ndogo ya sala yenye sanamu ya Bikira Maria ilikuwa imeteremshwa na kukatwa chini yake, ili magoti ya aliyekaa kitini yaingie. Kazue alipitisha kidole kwenye ukingo. Haukuwa na hata kibanzi kimoja cha kuchoma ngozi.

"Hii haimo kwenye orodha ya kazi zinazopunguziwa kodi," alisema.

"Najua. Aliifanya bure. Alisema kwenye fomu hakuna mstari wa magoti."

Kazue alirudisha kiti, akatoa cheti. "Nani aliandika hiki?"

"Fundi mwenyewe, Deguchi. Mimi nilikitia kwenye bahasha tu. Karatasi zote zamani aliziandika mwanawe, lakini mwanawe amehamia Fukuoka tangu mwaka mpya."

"Niandikie tarehe 19 Machi hapa, tafadhali."

Fusano alimtazama, akaelewa. Tabasamu likamtoka usoni. Alichukua kalamu, akaandika. Tarakimu zake zilikuwa za mviringo, za mtu aliyesoma anwani za watu maisha yake yote. Za kwenye cheti zilikuwa kali, na kila mstari mnene ulikuwa umepasuka katikati kama uliochorwa na ufagio mdogo. Kazue alikisogeza cheti dirishani. Haikuwa kalamu ya dukani. Ilikuwa kalamu ya mwanzi, ile ambayo maseremala wa zamani huichonga wenyewe, wakaipasua ncha na kuichovya kwenye wino ili waweke alama kwenye mbao.

Basi seremala ndiye aliyeandika. Shaka aliyotoka nayo ofisini ikafutika, na swali likawa gumu zaidi.

"Kazi ilikwisha lini?"

"Tarehe siijui, dada. Siku yenyewe naijua, maana nilioga peke yangu asubuhi, na mchana nikashuka mwenyewe hadi getini kupokea barua zangu. Vifaranga walikuwa wanapiga kelele. Fundi alinipigia picha ya mlango kwa ile kamera yake ya filamu."

"Na kwa nini ulichelewa kuomba?"

"Habari ya nafuu hii niliisikia Juni, kwa mhudumu anayekuja kuninyoosha miguu. Nimekosea?"

Kazue hakutaka kumficha. "Cheti kinasema Machi. Picha inasema si Machi. Lakini picha inaonyesha tu siku ilipopigwa, haionyeshi siku kazi ilipokwisha. Na neno lako, samahani, ni la mwombaji. Nisipopata ushahidi mwingine kabla ya kesho saa sita, maombi yako yanakataliwa, na Mzee Deguchi ataitwa mghushi."

Fusano alishika magurudumu yake kwa nguvu.

"Kodi nitailipa, hata kwa kuuza kankoro," alisema. "Lakini yule mzee akiitwa mwongo kwa sababu ya mlango wangu, mimi mlango huo nitaupita vipi?"

*

Karakana ya Deguchi ilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, na mlio wa randa ulisikika kabla ya kufika. Tomezo Deguchi, mwenye miaka sabini na tisa, hakuinua kichwa.

"Mama wa kodi," alisema. "Nimekuona ukipanda rampu yangu. Unaegemea kushoto."

"Mikono imeniuma, Mzee."

"Kwenye msukumo wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

Sasa aliinua kichwa. "Mimi wa kumi na mbili. Fusano ana mikono mizuri kuliko sisi wote, lakini nilisema akizeeka je? Nikapunguza mmoja. Nilikaa kwenye kiti kama kile siku nane hapa karakana, sishuki ila kulala. Rampu ya kwanza niliivunja. Ya pili pia."

"Ya tatu uliimaliza lini?"

Randa ikasimama. "Nimeandika kwenye cheti."

"Umeandika 19 Machi."

"Ndivyo nilivyoandika."

"Siku ya nuksi kubwa, Mzee. Nani anakabidhi kazi siku ya nuksi?"

Deguchi aliangua kicheko mpaka vumbi la mbao likamtoka kwenye nyusi. "Nuksi! Wee mama, babu zangu Wakristo walisali gizani miaka mia mbili na zaidi, mlango umefungwa, wakikamatwa wanauawa, halafu mimi niiogope kalenda ya benki?"

"Na vifaranga? Machi kuna vifaranga?"

Kicheko kilikatika. Mzee alichukua randa, akaifuta, akaiweka, akaichukua tena. Kazue alingoja. Alikuwa amejifunza kwamba mtu mwaminifu akinyamaza haifai kumsukuma. Badala yake alitazama ukuta.

Juu ya benchi la kazi palikuwa na sanamu ndogo ya mbao, mzee mwenye ndevu ameshika skwea ya kupimia pembe. Kando yake zilitundikwa bapa za mbao zilizofifia, moja kwa kila mwaka, zaidi ya hamsini, na kila moja ilikuwa na majina ya nyumba yaliyoandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Kazue hakuwa na rula, akatumia kidole. Bapa ya kwanza, tarehe 19 Machi. Ya pili, 19 Machi. Alizipitia zote hadi ya mwaka huu, yenye jina moja tu, Shirahama.

"Mzee," aliuliza polepole, "tarehe 19 Machi ni siku ya nani?"

Deguchi alivua kofia. "Ya Mtakatifu Yosefu. Seremala."

"Na siku hiyo unafanya nini?"

"Ninafanya alichofanya baba yangu. Kazi zote zilizoko mkononi, zilizokwisha na zisizokwisha, ninazikabidhi kwake. Ninasema, Yosefu, hii sasa ni yako, mimi ni mkono tu. Baada ya hapo sihesabu tena kuwa yangu." Aliinua uso, na haya ya kitoto ilikuwa machoni pake. "Karatasi ikaniuliza, kazi ilikamilika lini. Sasa mimi ningesema nini? Kwangu ilikamilika siku nilipomwachia yeye. Kilichobaki kilikuwa kupiga misumari."

Kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani aliunganisha viganja mbele ya picha ya marehemu mumewe na kuomba jambo moja tu, asimdhulumu mtu siku hiyo. Akaona sasa jinsi alivyokuwa karibu kufanya hivyo, kwa muhuri mmoja, kabla ya chai.

"Nakuamini," alisema. "Lakini ofisi haiwezi kuweka imani yangu mezani. Mzee, mbao zako unaziandika?"

"Seremala gani haandiki mbao zake?"

"Unaandika wapi?"

"Upande wa chini. Uso wa mbao hauchafuliwi."

"Unaandika nini?"

Deguchi aligeuka kuitazama rampu kwa mbali. "Namba yake," alisema. "Na siku niliyoipigilia."

*

Fusano alikuwa getini anawangoja. Kazue alivua koti la ofisi, akalikunja juu ya ukuta, akalala chali kwenye udongo wenye unyevu, akajisukuma chini ya rampu na tochi mkononi.

"Jamani, mtumishi wa serikali huyo!" Fusano alisema. "Kuna buibui huko, dada."

"Nawaona."

Chini ya mbao palikuwa safi kama juu. Fundi alikuwa amepiga randa hata pale ambapo hakuna jicho la mtu lingefika. Na kwenye kila ubao, kwa mistari ile iliyopasuka katikati, kulikuwa na maandishi. Kazue alianza getini, akasoma kwa sauti, akipiga picha ubao mmoja mmoja.

"Wa kwanza, tarehe 16, mwezi wa nne. Wa pili, tarehe 16. Wa tatu, tarehe 17..."

Kwenye sehemu tambarare chini ya mkamelia, tarehe ziliruka siku sita. "Hapa ulikuwa wapi?" aliuliza kutoka chini.

"Mbao za hapo nilizikata upya. Palikuwa pembamba kwa upana wa vidole viwili."

Mbao ziliendelea. Wa ishirini. Wa ishirini na moja. Chini kabisa ya mlango, mahali ambapo alilazimika kugeuza shingo, tochi ikaangaza ubao wa ishirini na tatu. Ulikuwa na namba yake, neno "mwisho," msalaba mdogo, na tarehe.

"Tarehe 9, mwezi wa tano," Kazue alisema.

Huko juu Fusano akahesabu kwa vidole, kwa sauti. "Mei tisa, Juni tisa, Julai, Agosti... Fundi, mimi sikuchelewa. Nilikuwa na mwezi na nusu mkononi!"

Kazue alitoka akiwa na utando wa buibui kwenye nywele. Alikilaza cheti juu ya mkoba wake, akaonyesha mahali. "Piga mistari miwili juu ya tarehe ya zamani, andika 9 Mei pembeni, gonga muhuri wako. Basi."

Deguchi aliutoa muhuri mfukoni. Akaushika. Akautazama. Hakugonga.

"Siwezi," alisema.

"Mzee!"

"Nilishampa. Nikiifuta siku yake ni kama namnyang'anya kitu alichokwisha kupokea. Nifuteni mimi kwenye hiyo orodha yenu. Nimezeeka hata hivyo."

Kazue alifungua mdomo, lakini Fusano alikuwa ameshasukuma kiti mpaka magurudumu yakagusa viatu vya fundi.

"Mzee Deguchi. Kwa nini Yesu alizaliwa Bethlehemu na siyo Nazareti?"

"Unanifundisha katekisimu, binti?"

"Nijibu tu."

"Kwa sababu Kaisari alitoa amri watu wote waandikwe."

"Waandikwe kwa ajili ya nini?"

Mzee alisitasita. "Kodi," alisema.

"Na nani alimchukua mke mwenye mimba, akatembea naye njia yote ile, ili tu daftari la serikali liwe na habari sahihi?" Fusano alinyoosha mkono kuelekea karakana. "Seremala wako yule pale ukutani! Yeye alikwenda siku kadhaa kwa miguu. Wewe umeombwa mistari miwili!"

Deguchi aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Kazue alidhani analia, hadi aliposikia kicheko.

"Postamasta mbaya wewe," alisema mzee. Aliisukuma kando kalamu ambayo Kazue alikuwa amemnyooshea, akatoa yake ya mwanzi sikioni, akailamba ncha. Mistari miwili. Tarehe 9 Mei. Muhuri ulishuka taratibu, akaukandamiza kwa kidole gumba, na ulipoinuka ulikuwa mwekundu na umenyooka, kama kila kitu alichokigusa.

*

Kesho yake, saa sita kasoro robo, Kurokawa alikuwa na picha ishirini na tatu mezani. Alizipanga kwa namba, akaitazama ya mwisho kwa muda mrefu, na alipoziweka chini aliziweka kwa uangalifu.

"Amepiga randa hadi chini," alisema.

"Hadi chini, Mkuu."

Alichukua taarifa ya Kazue, akasoma kisanduku cha mwisho, kile cha kueleza tofauti ya tarehe. "'Fundi aliandika siku aliyomkabidhi kazi mkuu wake. Kazi yenyewe ilimalizika tarehe 9 Mei, kama mbao zinavyoonyesha.'" Akakunja uso. "Mkuu wake nani? Deguchi anafanya kazi peke yake."

"Kuna seremala mwingine aliyemtangulia. Mzee anajiona yuko chini yake."

"Sijawahi kumsikia. Amesajiliwa?"

Kazue aliirudisha rula kwenye droo.

"Ndiyo," alisema. "Tena alisafiri mwenyewe kwenda kuandikwa."

"Vizuri," alisema Kurokawa, akachukua muhuri wa kukubali.